Giaboksi Isiyoachia Mzigo

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kukimbia na kipande cha mti mkononi.

Baba ana gari la kuvuta magari mabovu, lile ambalo Manyoni nzima tunaliita bredauni. Lori likifa kwenye mlima wa kutoka Kintinku, dereva anapiga simu, Baba anakwenda kulivuta mpaka juu. Mimi nilikuwa nakwenda naye. Akipandisha mzigo mzito, mimi nilikuwa chini, pembeni ya tairi la nyuma, nimeshika kabari ya mninga. Maana gari la gia za mkono lina wakati wake mbaya. Dereva akikanyaga klachi abadilishe gia, injini na magurudumu vinaachana, na kwa kitambo hicho kidogo mzigo wote unabaki kama hauna mwenyewe. Ukianza kurudi nyuma, natupia kabari chini ya tairi. Kisha Baba anaingiza gia, gari linanguruma, naokota kabari, nakimbia tena.

Madereva wa masafa walinizoea. Wakipita walipiga honi na kutoa vichwa dirishani: "Kimbia dada, medali iko Manyoni!" Nami nawapungia kabari. Siwezi kusema niliichukia kazi ile. Ukiwa pale mlimani asubuhi, bonde lote liko chini yako, na alizeti zimegeuza nyuso upande mmoja kama watoto mstarini, unajiona na wewe una nafasi yako duniani. Halafu mimi ni mtu wa ndoto. Nilikuwa nakimbia huku najiona niko juu kwenye usukani, Baba kakaa pembeni ananikosoa.

Mwaka juzi Baba aliteleza akishuka kwenye bodi, goti la kushoto likavunjika. Lilipona, lakini lilipona likiwa halikunjiki. Mguu ukanyooka kama mchi. Wa kulia mzima kabisa, wa gesi na wa breki, ila klachi hukanyagwa kwa ule wa kushoto, na klachi ya bredauni yetu ilikuwa ngumu hata kwa mtu mwenye magoti yote.

Gari likakaa uani. Kuku wakahamia kwenye tairi la akiba. Baba akawa mtu wa kigoda, anakaa mlangoni anasikiliza malori yanavyopanda kwa mbali.

"Huyo kachelewa gia," anasema peke yake. Au, "Huyo atatafuta simu sasa hivi." Na kweli simu inalia. Baba anajibu kwamba gari liko matengenezo. Haikuwa hivyo. Gari lilikuwa zima, mwenye gari ndiye alikuwa matengenezo.

Akaja mnunuzi kutoka Singida mjini, mtu mpole tu, akalizunguka gari na kulisifu. Baba akamwambia nitakupa jibu baada ya mavuno. Jioni ile Mama alikuwa anachambua mchicha, akauliza bila kuinua macho, "Ukishaliuza, mzee wangu, pale mlangoni utakuwa unasikiliza nini?"

Baba akageuza kigoda chake upande wa barabara. Mimi ndiye nilikosa raha. Nikaanza kumsumbua kila fundi aliyesimama kula Manyoni: hivi gari la kuvuta haliwezi kuwekwa giaboksi ya auto, isiyo na pedeli ya klachi? Wengi walicheka. Mmoja, mwenye gereji Dodoma, hakucheka. Alisema mleteni mzee tuongee.

Kumpeleka mzee ndiyo ilikuwa kazi. "Auto!" alisema. "Auto ni gari la kumpeleka bibi harusi kanisani. Mimi navuta semi."

"Twende tukaangalie tu, Baba."

"Kuangalia nako ni nauli."

Lakini alikwenda, na alivaa shati lake la Jumapili. Hapo nikajua kwamba moyoni alishakubali kutumaini kidogo, ndiyo maana alikuwa mkali. Mavuno yetu ya alizeti mwaka ule yalitosha kununua giaboksi moja. Tukikosea, hakuna ya pili, na mnunuzi wa Singida anakuja na dereva wake.

Gereji ile ilikuwa na giaboksi mbili za auto zilizoweza kukaa kwenye gari letu, zimelazwa juu ya matairi chakavu. Fundi alikuwa kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwamkia Baba, akamletea kiti, akaanza na ya kwanza.

"Hii imetoka kwenye lori la semi. Ndani ina klachi na gia kama hizo ulizozoea, ila hakuna pedeli. Kompyuta ndogo na upepo ndivyo vinakanyaga klachi na kubadilisha gia badala yako."

Uso wa Baba ukafunguka. "Kumbe ina klachi ndani? Basi huyu ni ndugu yetu." Akaipapasa kama anapapasa ng'ombe mnadani.

"Ya pili," fundi akaendelea, "imetoka kwenye gari la zimamoto. Hii haina klachi kama ile. Kati ya injini na gia kuna kama sufuria limejaa mafuta. Injini inazungusha mafuta, mafuta yanazungusha gia."

"Mafuta yanasukuma gia? Mafuta haya haya?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Kijana, mafuta yanalainisha. Nani aliona mafuta yanasukuma kitu?"

"Na jeki yako inainuaje lori?"

Jeki zetu zinainua kwa mafuta, na Baba alijua. Akajikohoza. "Jeki ni jeki," akasema, akarudi kwa ndugu yake mwenye klachi.

Fundi hakumlazimisha. Alisema ya kwanza hainywi dizeli sana, na kwa safari ndefu za barabara nzuri ni giaboksi ya maana. Baba tayari alishaamua, nilimwona. Mafundi wetu wote, na Baba ni mmoja wao, wana tabia hiyo: kitu kikifanana na cha zamani wanakiona kina heshima. Nami niliishia kidato cha nne, fizikia ilinipita kama basi lililojaa, kwa hiyo sikuwa na hoja ya kitabuni. Nilikuwa na swali moja tu, la kazi yangu.

"Samahani kaka. Hii ya kwanza ikibadilisha gia mlimani, inaachia mzigo?"

Fundi akanigeukia. "Inaachia kidogo. Ili ibadilishe ni lazima klachi iachie kwanza. Inawahi kuliko mguu wa mtu, lakini inaachia."

"Na hiyo ya mafuta?"

"Hiyo inatoka gia moja kwenda nyingine huku bado inavuta. Hata mkiondoka na mzigo mlimani, hakuna klachi ya kuungua. Yale mafuta yanaongeza nguvu pale pale mwanzoni."

"Kasoro yake?" Baba akauliza, kwa sauti ya mtu anayeitafuta.

"Joto. Mkivuta mizigo, mafuta yatachemka. Nitawafungia rejeta yake peke yake, kubwa, ya kuyapoza. Mkipuuza mafuta, itakufa, na msinilaumu."

"Na kushuka mlima?"

"Ina breki yake ndani. Inafanya kazi kwa mafuta."

"Mafuta tena," Baba akasema. Akaniangalia kwa muda mrefu. Mkono wangu wa kulia, wala sikujua, ulikuwa umekunjwa kama umeshika kabari. Akamwambia fundi, polepole, "Unajua, mwanangu, miaka yote hii kabla sijakanyaga klachi pale mlimani nilikuwa naangalia kioo kwanza. Naangalia kama huyu bado yupo." Akaegemea fimbo, akasimama. "Funga hiyo ya mafuta."

Fundi alipima kama inakubaliana na injini yetu na difu yetu kule kwenye ekseli ya nyuma, akafunga, akatuita. Siku ya kujaribu, Baba alipanda akiwa na jasho. Gari likaondoka taratibu, giaboksi ikabadilisha gia yenyewe, na papo hapo tukasikia "du!" sakafuni. Mguu ule ule wa kushoto, uliowachosha watu wa mazoezi hospitalini, uliruka wote mzima kutafuta klachi. Gia ikabadilika tena. Du!

"Mzee unapiga ngoma humo ndani?" fundi akapaza sauti.

"Mwambie mguu," Baba akajibu. "Mimi nilishaelewa, yeye bado."

Tuliporudi Manyoni, haikupita wiki simu ikalia. Lori la vitunguu lilikuwa limekufa chini kabisa ya mlima, vitunguu vinasubiriwa sokoni, jua linawaka. Safari hii Baba hakusema habari za matengenezo. Alisema, "Tunakuja."

Kwetu hatufungi kitu kabla dereva hajanywa chai. Baba anasema ukimvuta mtu mwenye hasira, usukani wake nao una hasira. Dereva wa vitunguu akanywa chai ya Mama tuliyoibeba kwenye chupa, akachungulia ndani ya kebini yetu.

"Mzee, klachi iko wapi?"

"Tuliila Krismasi."

"Auto? Na tani zote hizi?" Akanirudishia kikombe. "Dada, niombee."

Tukafunga chuma cha kuvutia, yeye akapanda kwenye lori lake. Mimi nikashika kabari, nikasimama pale pale pembeni ya tairi la nyuma, kwa mazoea. Sikuweza kukaa ndani. Pesa ya giaboksi nyingine haikuwepo.

Gari likaondoka. Halikushtuka, halikuruka. Chuma kikakaza kikatulia. Nikaanza kutembea, kisha kukimbia, masikio yote kwenye injini. Nikasikia sauti ikipanda, nikajua sasa, sasa anabadilisha, nikainama na kabari. Tairi halikusimama. Likapita mbele yangu likiendelea kuzunguka vile vile. Nikakimbia nikalifikia, nikainama tena. Likapita tena. Nilionekana kama mtu anayetaka kumpa kuku punje na kuku hataki.

Kutoka nyuma dereva wa vitunguu akapiga kelele, anacheka, "Dada, unakimbiza nini?"

Baba akapunguza mwendo. Kichwa chake kikatokea dirishani. "Panda!"

"Baba, mlima bado!"

"Panda, mama. Haliachii."

Nikashika bomba la mlango, nikajirusha ndani, kabari nikaipakata. Mimi nimeujua mlima ule kwa miguu. Sikuwahi kupanda na mzigo nikiwa nimekaa. Kona zote zilikuwa fupi. Mshale wa joto la mafuta ulipanda ukakomea pale fundi alipotuambia ni salama. Kila gia ilipobadilika, du! Du! Mguu bado haujaelewa. Tulipofika juu alikuwa analia na kucheka pamoja, nami namfuata kwa vyote viwili.

Jioni hiyo alimpigia mnunuzi wa Singida, akamwambia kwa upole kwamba gari limempata mwenyewe.

Kabari nimeikata kidogo, nikaifunga kwa skrubu sakafuni, upande wa kushoto, mbali na breki. Baba anaweka kisigino pale na mguu umetulia, sasa una mahali pake. Mimi nina leseni ya mwanafunzi. Jumapili baada ya ibada, uwanja wa mnada ukiwa mtupu, Baba anapanda upande wa abiria kwa shida na fimbo yake, mimi nakaa kwenye usukani. Mguu wangu wa kushoto nauweka juu ya ule mti wa mninga niliokimbia nao.

"Niufanye nini huu?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Usifanye kitu," Baba akasema. "Upumzishe. Na unakata kona kama mtu anayekata muwa, hebu rudia."