Gitaa la Mbambakofi

Gitaa la kwanza la Husni halikuwa lake, na lilizama Mokowe.

Kikundi kilikuwa kinarudi kutoka harusini Kililana. Mizigo ilipokuwa ikishushwa gatini na kutiwa botini, mkanda wa mfuko ukakatika, na gitaa la besi walilolinunua kwa kuchangishana likateleza kati ya boti na ngazi. Husni alijitosa na nguo zake. Alilipata, lakini maji ya chumvi yalikuwa yameshaingia. Baada ya siku tatu tumbo la gitaa lilikuwa limevimba kama mkate uliochovywa chaini, na shingo ikabanduka.

Wakati huo Husni alikuwa na miaka ishirini na sita. Alizaliwa Kizingitini, na siku za kazi alipima kamba wa mawe katika ghala moja la samaki mjini Amu, kisiwani Lamu. Siku za harusi alipiga besi katika kikundi cha taarabu cha Bwana Musab. Hakuna aliyemfundisha. Alikaa nyuma ya wapigaji wakubwa miaka minne akibeba nyaya, akawa anayatazama macho yao badala ya vidole vyao, mpaka siku mpigaji alipougua na yeye akaambiwa akamate. Bwana Musab hakumkemea kwa gitaa lililozama. Alisema tu, "Haya, ni kudura." Hilo likamuuma Husni kuliko kukemewa.

Akalifunga lile gitaa kwa shuka, akalipeleka kwa Kamaludin, fundi wa milango na vitanda.

Kamaludin alikuwa mtu mzima wa miaka sitini, mrefu, mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Alifungua shuka, akagonga tumbo la gitaa kwa kidole kimoja.

"Hili si mti," akasema. "Hizi ni karatasi zilizogandishwa. Nani alikwambia hiki ni chombo?"

"Ndicho tulicho nacho, Ami."

"Basi liwate hapa. Halitengenezeki, lakini nataka vipimo vyake."

Hakuwa amewahi kutengeneza ala ya muziki, hata kigoma cha mtoto. Alilichukua kama mchezo, kisha mchezo ukamkamata. Tumbo alilichonga kwa mti wa mbambakofi, kipande kilichobaki kwenye mlango wa msikiti mmoja wa Siyu, kikiwa kimekauka dukani mwake miaka kumi na moja. Shingo aliifanya kwa mti wa msaji, mguu wa kitanda cha kizamani ambacho wenyewe walikikata ili kipite mlangoni. Vile vijiti vya chuma vya shingoni aliving'oa kimoja kimoja kwenye gitaa bovu, akavipiga msasa, akavipanga upya kwa kipimo cha uzi. Mara mbili alikosea, na mara mbili aliitupa shingo akaanza nyingine. Kila Husni alipotoka ghalani alipita hapo, akakaa juu ya gogo, akashika alipoambiwa ashike.

Miezi saba ikapita hivyo. Kamaludin hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja, Hayat, aliyeolewa mtaa wa pili. Husni naye babake alimwacha mdogo. Hawakuwahi kusemezana lolote juu ya hayo. Lakini mwezi wa tano, Bi Radhiya, mkewe Kamaludin, alipoanza kuleta vikombe viwili vya kahawa badala ya kimoja, wote wawili walijua.

Siku gitaa lilipokwisha, Kamaludin alilipeleka mwenyewe kwenye mazoezi, akampa Husni mbele ya kikundi kizima. Alikataa malipo. Alikaa akasikiliza nyimbo tatu, mkono wake ukiwa juu ya spika, kisha akasimama na kusema, "Limekaa sawa," akaondoka.

Lilikuwa zito. Wengine walimcheka Husni kwamba amebeba mlango. Lakini likipigwa, sauti yake ilikuwa nzito na kavu, haivumi ikapotea; ilikuja, ikakaa, ikaondoka ilipoambiwa. Kwa miaka tisa lilizunguka naye Pate, Faza, Mpeketoni, hata Malindi. Alioa nalo: usiku wa harusi yake na Lubna alikaa jukwaani kwa wimbo mmoja akiwa amevaa joho la bwana harusi. Watu wa harusi walikuwa wakiuliza kwanza kama lile gitaa la fundi litakuwako.

Kisha Bi Radhiya akafa, ghafla, asubuhi moja akianika nguo.

Kamaludin hakulia mbele za watu. Matanga yalipokwisha alirudi kazini, lakini alikuwa akishika randa na kuiweka chini. Hakuna sheikh aliyemkalisha wala mtu aliyemhubiria. Alikuwa peke yake dukani, na katika upweke ule alianza kukumbuka kila alichokitengeneza tangu ujana wake. Alimweleza binti yake: milango, watu huingia majumbani kwa salama. Vitanda, watu huzaliwa na hufia juu yake. Susu za kuwekea vyombo, rehali za misahafu, jeneza la msikiti wa mtaani. Akafika kwenye gitaa, akakwama hapo. Hayat alijaribu kumtuliza kwamba maulamaa wamehitilafiana kama ala za muziki ni haramu. Babake akamjibu, "Wao wamehitilafiana. Mimi nitasimama peke yangu."

Ijumaa moja baada ya alasiri alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Husni. Lubna alimkaribisha kwa uji wa tende, hakuugusa.

"Nimeya kulitaka lile gitaa," akasema.

Husni alidhani anataka kulitazama. "Lina kasoro, Ami?"

"Nataka kulivunja. Mkono ulolifanya ni wangu. Kila wimbo ukipigwa, nami naandikiwa dhambi. Nisaidie, mwanangu. Sina ndia nyingine."

Husni aliangalia ukutani lilipotundikwa, kisha akamwangalia mzee. Alihisi kama ameombwa mkono wake mwenyewe. Akasema kwamba alipewa mbele ya watu, na kitu kikishatolewa kimetoka. Kamaludin akasema analijua hilo, ndiyo maana amekuja kuomba. Akaomba mara ya pili. Mara ya tatu sauti ikamtetemeka, na Husni, kwa hofu ya kumwona mtu yule akitetemeka, akageuza hofu yake kuwa hasira.

"Unaogopa kufa, Ami, basi! Mke amekufa, sasa waogopa, wataka na mimi nizikwe nawe!"

Lubna alishika mdomo. Kamaludin aliinuka polepole, akatafuta viatu vyake kwa miguu, akatoka bila salamu.

Kwa miaka miwili hawakusemezana. Wakikutana, mzee aliangalia mbele. Husni aliendelea kupiga, lakini alianza kujisikiliza, na mpigaji akishaanza kujisikiliza mambo huharibika. Alichelewa kwenye mapigo aliyoyajua tangu zamani. Bwana Musab akawa anageuka kumtazama katikati ya wimbo.

Kaskazi ya mwaka wa pili ikawa kavu kupita kiasi, na gitaa likafunguka. Pale shingo inapoingia kwenye tumbo paliachana upana wa ukucha. Nyuzi zikaanza kulialia. Husni alilitia gundi ya dukani, akalifunga kwa kamba, ikakaa wiki mbili ikaachia tena, mbaya zaidi. Alilipeleka Mombasa. Fundi wa huko alishauri ile shingo itupwe itiwe ya kiwandani. Husni alilichukua gitaa lake akarudi na basi la siku ileile.

Mpiga kinanda wa kikundi, mwalimu Jabez, kijana wa bara aliyefundisha shule ya msingi, alimwazima besi yake mpya.

"Buda, gitaa ni gitaa tu," Jabez akamwambia. "Piga kazi."

Akapiga kazi. Lilikuwa jepesi, lenye rangi nyekundu, na halikuwa na kosa lolote. Kwenye harusi mbili hakuna mtu aliyemsifu wala aliyemlaumu. Alirudi nyumbani akakaa barazani.

Hapo ndipo Hayat alipompigia simu. Babake amepata kiharusi. Upande wa kulia wote umelala.

"Hajaniagiza," Hayat akasema. "Nimekupigia mimi. Ukitaka kuya, ndoo."

Kamaludin alikuwa amelazwa nyumbani kwake, kwenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe, mdomo umepinda upande. Maneno yalitoka mazito, lakini yalitoka. Alimtazama Husni.

"Ungalinalo?"

"Ninalo."

"Lilete."

Husni alirudi nyumbani. Alimwambia Lubna kwamba mzee anataka kulivunja, na safari hii yeye hawezi kukataa tena. Lubna alikuwa akimchana mtoto nywele. Hakumbembeleza.

"Ni lako," akasema. "Lakini ulimwambia neno baya humu ndani, nami nililisikia. Usimwambie jingine."

Akalibeba. Hayat alimwinua babake, akamwekea mito mgongoni, na Husni akalilaza gitaa mapajani mwa mzee. Mkono wa kushoto wa Kamaludin ulipita juu ya tumbo, ukapanda shingoni, ukarudi chini, ukafika kwenye ule ufa. Ukasimama. Kidole kikaingia ndani, kikatoka na chembe za gundi kavu.

"Nani alotia hii?"

"Mimi, Ami."

"Mpumbavu." Alifumba macho, akipumua kwa hasira. "Mjinga mkubwa wewe. Mti unafunguka, wautia ulimbo wa viatu? Kesho baada ya alfajiri uye. Leta maji ya moto na vitambaa."

Kwa siku kumi na moja Husni aliomba ruhusa ghalani. Kitanda kilisogezwa mpaka mlango wa duka lake la kazi, lililopakana na nyumba, na Kamaludin akafanya kazi kwa mikono ya Husni. Waliilegeza gundi ya zamani kwa vitambaa vya moto, wakaikwangua. Wakachonga kabari ya msaji, nyembamba upande mmoja, na Husni aliharibu nne kabla ya mzee kuikubali ya tano. "Usisukume patasi. Iwate iende." Walipokuwa wakisubiri gundi ikauke ndani ya jiriwa lililobana mbao, ikawa lazima wakae kimya pamoja, na siku ya saba Husni hakuweza tena kuuvumilia ule ukimya.

"Ami, nisamehe kwa neno lile."

Nzi alitua kwenye mkono wa Kamaludin uliolala naye hakumhisi.

"Ulisema kweli. Naogopa. Kwani wewe huogopi?"

"Naogopa."

"Basi tumekuwa sawa. Nimekusamehe. Geuza hilo jiriwa, limekaza upande."

Siku ya kumi na moja gitaa lilitiwa nyuzi. Husni alilikaza taratibu, akisikiliza mti ukiguna, na pale kwenye kiungo hapakuonekana hata mstari. Alimtazama mzee akitarajia kuambiwa apige. Husni alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Usilipige hapa," Kamaludin akasema. "Sikubadilika, Husni. Usende ukadhani nimebadilika. Lilikuwa limetoka mkononi mwangu na kasoro. Nitaulizwa kwa kulifanya, na nitaulizwa kwa kulifanya vibaya. Moja katika mawili nimeweza kulipunguza." Alipumzika, akavuta pumzi. "Sitaki ulivunje. Nami siwezi kulivunja, nimeona siwezi. Nikifa usilipige mpaka arubaini ipite. Baada ya hapo ni wewe na Mola wako, mimi simo."

Alikufa baada ya mwezi mmoja, katika mfungo saba, mwezi unaofuata ule wa Maulidi. Husni alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza, nalo lilikuwa kazi ya maiti mwenyewe.

Mfungo saba na ule unaofuata ni miezi ya harusi. Bwana Musab alimsihi apige angalau lile jekundu la Jabez. Wasia wa mzee haukulihusu gitaa la Jabez, kila mtu alimwambia hivyo. Lakini Husni hakuona vipi angeshika uzi wowote kabla ya siku zile kwisha. Katika harusi sita kikundi kikamchukua kijana wa Mpeketoni, naye alikuwa hodari. Siku arubaini zilipotimia, nafasi ilikuwa imeshakuwa ya yule kijana.

"Utakuwa ukija wa pili, baada yake," Bwana Musab akamwambia, akiona haya. "Watu wamemzoea."

Kwa hiyo Husni alilipiga gitaa lake tena kwa mara ya kwanza katika harusi ndogo kwao Kizingitini, akiwa na wapigaji wanne tu. Sauti ilikuwa ileile, pengine nzuri zaidi. Ile kabari ilikuwa imeufanya mti uwe kitu kimoja. Wanawake waliinuka wakacheza. Vidole vyake havikuchelewa popote.

Katikati ya wimbo wa pili alimwona Hayat. Alikuwa jamaa wa bwana harusi kwa upande wa mumewe, amesimama karibu na mlango na buibui lake, hajakaa kama wengine. Alikuwa akilitazama gitaa, si yeye. Alisikiliza mpaka ubeti wa tatu, kisha akageuka akatoka.

Husni hakujua alitoka kwa kulia au kwa kuchukia. Angeweza kuweka gitaa chini amfuate, lakini watu walikuwa wakicheza na wenziwe walikuwa wakimtegemea yeye kushika mapigo, akaendelea mpaka mwisho. Asubuhi walikutana gatini, wote wawili wakingoja boti ya kurudi Amu. Hayat alimsalimia vizuri, akamuuliza hali ya Lubna na watoto. Akasogeza mkoba wake ili Husni apate pa kuuweka ule mzigo mzito. Hakusema neno juu ya jana, wala Husni hakuuliza.

Hata sasa anapiga, mara moja moja anapoitwa. Kuna nyimbo anazipiga kwa raha kama zamani. Kuna nyingine, ile sauti inapotoka vizuri mno, hukumbuka alivyoambiwa kwamba mkono uliolifanya gitaa nao huandikiwa, na hapo huinamisha kichwa, na walio karibu hudhani anafurahia muziki.