Viti Tulivyovikana

Harufu ya rangi ya mafuta ikichanganyika na mafuta ya taa hunirudisha moja kwa moja kwenye ua wa nyumba yetu ya Bagamoyo, kipupwe cha mwaka nilipotimiza miaka kumi. Kuna watu harufu hiyo huwaumiza kichwa. Mimi hunitia haya, uso ukapata moto kama wa mtu aliyefumaniwa, ingawa siku hizi nashinda nayo kutwa nzima na ndiyo inayonilisha. Nyumba yetu ilikuwa Mji Mkongwe, ya mawe, kuta zake zikipukutisha chokaa kila upepo ukivuma, na tulioishi humo tulikuwa watatu: mama, dada yangu Rukia na mimi. Baba alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Mama alituendesha kwa vitumbua vya asubuhi na maandazi ya jioni, na sikumbuki siku tuliyolala na njaa, lakini nakumbuka vizuri kwamba hakuna kitu kipya kilichoingia mlangoni kwetu.

Mwaka huo Rukia akapata mchumba, kijana wa Pangani, mpole, mwenye kazi yake. Habari ikaja kwamba wanawake wa kwao watafika kututazama. Kila mtu anajua maana ya ugeni wa namna hiyo: wanakuja kunywa chai, lakini macho yanapita sakafuni, kwenye vikombe, kwenye mapazia, hadi msalani. Rukia alimpenda kijana yule wala hakujificha, na wasiwasi ulimkondesha hata gauni likawa linamvaa yeye. Sebuleni tulikuwa na viti vinne vya mbao na meza ndogo, vyote alivyoviacha babu, vya rangi ya kijani iliyopauka na kubaki mabakamabaka. Kununua vingine halikuwa jambo la kufikiriwa. Bahati nzuri siku hizo kulikuwa na nyumba moja ya wageni karibu na ufukwe iliyokuwa ikipakwa rangi upya, na mama akawaendea mafundi na sinia la vitumbua vya moto. Alirudi na makopo matatu yenye mabaki ya rangi nyeupe, imeshafanya utando juu.

Kazi ile ilichukua wiki mbili. Mama alisugua viti kwa vipande vya msasa ambavyo mafundi walikwishavitupa, na vilipoisha akatumia mchanga na kumbi la nazi. Rangi aliichuja kwa kipande cha kanga, akailainisha kwa mafuta ya taa kidogo kidogo, akipima kwa kizibo cha chupa. Mimi kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku wasikanyage. Alipofika kiti cha pili akagundua kwamba rangi haitatosha. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akavitazama vile viti kwa muda mrefu, mpaka Rukia akaanza kulia. Mama akasema, "Nyamaza. Kama haitoshi, basi ionekane tumekusudia." Akachukua mshumaa, akaupitisha kwenye kingo zote, kwenye miguu na pale mkono unaposhika, kisha akapaka nyeupe nyembamba. Ilipokauka alisugua pale pale palipopita mshumaa, rangi ikatoka kirahisi, na kijani cha babu kikachungulia kwa chini. Alifanya hivyo kwa vyote vinne na meza, kwa kipimo kimoja, akisogea nyuma na kukaza macho kama anayepima nguo. Rukia alipiga vigelegele. Mimi, nisiyejua kitu, niliona viti vya maskini vilivyobanduka rangi.

Wageni walikuja siku ya Jumamosi baada ya alasiri, wanawake watatu na msichana wa rika langu aitwaye Salha, amevaa viatu vyeupe vyenye vifungo. Mmoja wa wale wanawake alikuwa Bi Zuhura, shangazi yake bwana harusi, ambaye aliolewa hapa hapa Bagamoyo na alikaa mtaa wa nyuma yetu. Jirani yetu Bi Tatu alikuwa jikoni akimsaidia mama kukaanga sambusa. Niliwaamkia wote, "Shikamooni," wakaitikia vizuri, wakaketi, na mkubwa wao akapapasa mgongo wa kiti kwa kiganja. Ilikuwa inakwenda vyema. Salha alikaa karibu nami, akaweka ukucha kwenye ukingo wa kiti chake, akakwaruza. "Viti vyenu vimebanduka," akasema. Hakusema kwa ubaya, naapa. Lakini nilivitazama vile viatu vyake, na maneno yakanitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyodhani: "Si vyetu. Tumeazima kwa Bi Tatu. Vyetu vizuri viko kwa fundi."

Mazungumzo yakakatika. Kuazima si aibu kwetu. Mtu huazima sinia, majamvi, hata bakora ya bwana harusi. Ila mama alikuwa amekwisha kuwaambia, dakika chache tu kabla, kwamba viti vile ni vya marehemu babu na kwamba amevitengeneza kwa mikono yake. Sikulijua hilo, alilisema nilipokuwa nimetoka kidogo uani. Sasa ama mama ni mwongo, ama mwanawe ni mwongo, na kwa wakwe watarajiwa lipi lina afadhali? Mkubwa wa wageni akamgeukia mama, naye amesimama mlangoni na birika mkononi. Nilimwona mama akimtazama Rukia pale pembeni, si mimi. Kisha akacheka kidogo. "Mtoto amenitoa nishai," akasema. "Nilitaka kujisifu mbele yenu, nisameheni. Ni vya Bi Tatu." Bi Tatu, aliyekuwa nyuma yake na sahani ya sambusa, hakupepesa hata jicho. "Hata wiki nzima kaeni navyo," akasema, "mimi nitavifanyia nini." Wageni wakacheka, mkubwa wao akasema yeye mwenyewe mbele ya wakwe aliwahi kujisifia pilau ya kuletewa, na chai ikaendelea.

Mama alichagua kuwa yeye ndiye aliyesema uongo. Nililielewa hilo nikiwa bado nimekaa pale, sambusa mkononi, na sikufungua mdomo. Wageni walipoondoka nilisubiri kofi, nikalitamani hata. Mama alifunga kanga kiunoni, akainua kiti kimoja, akaniambia, "Haya, shika hicho. Tuwapelekee wenyewe." Kabla ya magharibi tulikuwa tumevivusha vyote vinne na meza hadi kwa Bi Tatu, hatua ishirini tu za uchochoro, na sijawahi kutembea njia ndefu kama ile.

Nilidhani ni kwa siku chache. Lakini posa ilikubaliwa, na Bi Zuhura akawa ndugu, akipita kwetu karibu kila jioni bila hodi ya pili. Angevikuta viti vile sebuleni kwetu angejua kwamba tulimchezea mara mbili. "Viti vyenu bado kwa fundi?" aliuliza, naye mama akajibu, "Mafundi wa siku hizi, unawajua wewe." Tukakaa mkekani. Rukia akaolewa, akaenda Pangani, na sisi bado mkekani. Bi Tatu, roho yake safi, alitaka kuvirudisha. Mama akamwambia aviache. Siku moja tulikuwa kwake, mama akiwa ameketi kama mgeni juu ya kiti chake mwenyewe, mwanamke mmoja akaingia akavisifu viti hadi akachuchumaa kuitazama miguu yake, akauliza ni fundi gani huyo. Bi Tatu akamtazama mama. Mama akashusha macho, akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kanga. Nilitoka nje kwa kisingizio cha kwenda msalani.

Leo nina karakana yangu Mapinga, kando ya barabara iendayo Dar es Salaam. Watu huniletea makabati na stuli za kizazi kilichopita, niwapakie nyeupe au buluu ya maji na kusugua kingo hadi rangi ya zamani ichungulie, nao huweka picha zake mtandaoni kwa fahari. Mama anaishi nami. Macho yamepungua nguvu, lakini vidole bado vinajua. Humpa kipande cha msasa na mguu wa meza, akasugua kutwa bila kuchoka. Mwezi uliopita alikuja mteja mmoja kuchukua kabati lake, akalizunguka, akafurahi sana, akaniuliza nimejifunza wapi ufundi huu. Mama alikuwa hatua tatu kutoka tulipokuwa. Mimi, mwanamke mzima mwenye watoto, nikasema, "Ah, mtandaoni tu. Nilijifundisha mwenyewe." Sijui kwa nini. Pengine sikutaka aone kwamba bibi mwenye kanga iliyochakaa na vumbi hadi kwenye kope ndiye mwalimu wangu. Mama akainua uso, akamwambia mteja kwa tabasamu, "Huyu ana akili tangu mdogo. Hakufundishwa na mtu."

Jioni ile nilimwandikia mteja ujumbe, nikamweleza ukweli wote, jina la mama na mshumaa na kila kitu. Ilikuwa rahisi ajabu. Alinijibu vizuri, akasema atamletea mama zawadi. Mama mwenyewe bado sijamwambia neno. Kila asubuhi namwamkia, shikamoo mama, ananiitikia marahaba mwanangu, ananyoosha mkono nimpe msasa, na mimi nampa msasa.