Upande wa Kivuli

Ukienda studio ya Mama Picha kupigwa picha ya pasipoti, jiandae kukaripiwa. "Kaa wima! Kidevu chini! Usicheke!" Chumba chenyewe ni stuli moja, taa mbili, pazia jeupe na benchi la wanaosubiri, na watu wazima na vitambi vyao wanatii humo kama watoto wa chekechea. Lakini juu ya mlango, pale ambapo wapiga picha wengine hutundika maharusi, yeye katundika treni. Ndiyo, treni! Kichwa cha dizeli, chekundu, chenye mstari wa njano ubavuni, na mbele yake kasimama mwanamke aliyekakamaa. Kama una haraka zako, usithubutu kuulizia picha ile.

Mwanamke yule ni shoga yake wa tangu shule, jina la utani Brashi. Alikuwa mpaka rangi kwenye karakana ya reli, mwanamke peke yake kati ya wanaume wenye grisi hadi kwenye kope. Kichwa cha treni kikishatengenezwa, kililetwa kwao wakipake, yeye na bosi wake. Bosi alichukua upande wa kulia, Brashi wa kushoto. Na mstari ule hakuupiga kwa rula, aka! Mkono mtupu, pumzi kaibana, kutoka nyuma hadi mbele, kisha anaukunja chini polepole hadi kwenye bampa bila kutetemeka hata chembe. Mkono ule ulikuwa mkono, jamani. Lakini nani alijua? Injini ikinguruma anasifiwa fundi wa injini. Hata mumewe akiulizwa mkewe anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko huko reli," basi, yamekwisha.

Siku moja Brashi akaingia studio uso umemshuka, akajitupa kwenye benchi bila hata salamu.

"Shoga, wanaleta stika."

"Stika gani tena?"

"Za treni. Rangi mpya, stika ubavuni, kwisha kazi. Kimebaki kichwa kimoja tu chenye mstari wangu, na wiki ijayo kinakwanguliwa."

"Una picha yake?"

"Niitoe wapi? Karakana si walikataza kamera?"

Mama Picha alikasirika utadhani yeye ndiye anayekwanguliwa. Bahati nzuri, watu wa reli walikuwa wameandaa safari ya kukiaga kichwa kile. Kingevuta mabehewa ya wapenda treni siku nzima, na njiani kingesimama mara moja tu ili wakipige picha. Mama Picha akafunga duka, akaning'iniza kibao mlangoni: NIMESAFIRI. Kwenye kikapu akatia kamera, chupa ya chai na shuka jeupe la kukalia.

Mle behewani, wee! Wanaume watupu, kila mmoja na lenzi yake, wanabishania injini kama watu wa mpira. Mmoja alikuwa na lenzi ndefu kama mkono, na Mama Picha hapo hapo akambatiza jina la Bomba. Bomba akamgeukia Brashi. "Na wewe mama, unapenda treni?"

Brashi akainamisha macho. "Mimi nimemsindikiza tu mwenzangu."

Mama Picha akamfinya paja. "Kwa nini husemi?"

"Niseme nini? Kwamba nilipaka rangi?"

Treni ikasimama kwenye uwanda, majani pande zote. Gadi akatangaza: shukeni mpige picha, filimbi ikilia mpande. Wote wakamwagika upande wa kulia, kwenye jua. Upande wa bosi! Wa kushoto, wa Brashi, ulikuwa kivulini, nyekundu imekuwa kahawia na njano imefifia kabisa.

Brashi akaona. Akasema kwa sauti ndogo, "Piga tu huku, shoga. Mistari inafanana."

"Thubutu! Nimefunga duka nije kumpiga picha bosi wako?"

Akamkokota kwa mkono, wakapenya behewani na kuteremkia mlango wa upande wa pili. Kule giza, picha isingetoka. Lakini Mama Picha hakuanza jana. Mteja akiwa na kivuli usoni, yeye humrudishia mwanga kwa kitambaa cheupe. Akalikung'uta shuka lake, akarudi nalo hatua kadhaa hadi pale kivuli cha treni kinapoishia. Shida ikawa mikono.

Bomba akachungulia katikati ya mabehewa. "Mama, jua liko huku!"

"Najua jua liko wapi, sikulipoteza! Njoo na mwenzio mnishikie shuka. Maswali baadaye!"

Wakaja wanacheka, wakalitandaza shuka wima, wakaligeuza hivi, wakaligeuza vile. Ghafla mwanga ukaruka kutoka shukani ukatua ubavuni mwa treni. Haukuwa mwingi, lakini mstari uliamka, njano kama siku ulipopakwa. Brashi alishika mdomo. Filimbi ya kwanza ikalia.

"Simama hapo! Cheka!"

Brashi akakakamaa kama yuko kwenye stuli.

"Cheka basi, leo nimeruhusu!"

Hakucheka. Aliinua mkono, akaukandamiza juu ya mstari, kiganja kizima, akatazama kamera. Mama Picha akabonyeza, filimbi ya pili ikalia, wakakimbilia mlango wakiburuza shuka. Wakati wa kurudi Mama Picha alihadithia behewa zima, na watu wakapiga makofi. Brashi alijifunika uso kwa mtandio.

Kichwa kile kilikwanguliwa kweli. Brashi amestaafu sasa, na jioni huja kukaa kwenye lile benchi wapige soga. Mgeni akiulizia picha, Mama Picha hudakia na kuieleza mwanzo mwisho, na mwenzake hujifanya hamnazo.

Juzi bwana mmoja wa tai alikuwa kwenye stuli, akainua macho. "Huyu mama ni nani?"

Mama Picha akafungua mdomo.

"Ni mimi," sauti ikatoka kwenye benchi. Brashi alikuwa amesimama. "Na mstari ule nimeupaka mimi. Kwa mkono."

Yule bwana akamtazama, akaitazama picha, akatabasamu hadi magego. Mama Picha alijificha nyuma ya kamera, machozi yanamlenga, akabonyeza hivyo hivyo. Pasipoti gani ile, meno yote nje! Ikabidi airudie.