Kope Zihesabike

Mume wangu watu walimwita Simama Hapo. Ndiyo maneno aliyomwambia kila aliyekuja kupigwa picha, hata mtoto asiyejua kusimama. Miaka thelathini na moja alikuwa na chumba chake cha picha, pazia moja la buluu na kiti kimoja. Akimkabidhi mteja picha, huuliza swali moja tu: "Kope zinahesabika?" Kama hazihesabiki, anarudia.

Kisha ikaja presha ya macho. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka polepole. Mimi nikasali, yeye akaendelea kuifuta vumbi kamera yake kila asubuhi.

Siku moja akaja binti anayeuza kwenye duka la rangi za nyumba. Yeye na wenzake hujivika kama wahusika wa katuni, wenyewe wanaita kosplei.

"Shikamoo babu. Nataka unipige picha nje, bustanini, kwa mkanda wa filamu ya rangi."

"Marahaba. Kwani simu yako imeharibika?"

"Za simu ninazo mpaka zinanikera. Ulimpiga mama yangu kwa mkanda akiwa binti kama mimi, rangi haijachuja mpaka leo. Nataka kama ile."

Alipoondoka, mume wangu aliniambia, "Mke wangu, mkanda huu ukitoka sawa, naendelea na kazi. Usipotoka, basi."

Kwenye kitundu cha kamera alikuwa anaona moshi tu. Tukapatana hivi: mimi ni fundi cherehani, nitapima kwa tepu yangu kutoka kwenye lenzi hadi puani kwa binti, kisha nitageuza pete ya lenzi, ile ya kulenga umbali, mpaka kwenye namba hiyo. Pete ina safu mbili, juu futi, chini mita. Alinieleza vizuri kabisa.

Binti alikuja na mabawa ya sponji ya godoro, ngao ya kifua ya rangi ya dhahabu aliyoikata kwenye mkeka wa mazoezi, na nywele za bandia za buluu. Mtunza bustani akapiga kelele:

"Mzee, malaika wako asinikanyagie maua!"

"Mwambie aruke!" mume wangu akajibu, akacheka kama zamani.

Wingu lilikuwa zito, kwa hiyo akafungua lenzi mpaka mwisho. Lenzi ikifunguliwa hivyo, kipimo hakina msamaha: ukikosea umbali, uso unatoka ukungu. Nikatandaza tepu mara mbili: futi kumi kamili. Nikageuza pete hadi kumi.

"Simama hapo!"

Akapiga picha zote thelathini na sita za mkanda bila kumsogeza binti.

Picha zilirudi baada ya wiki tatu kutoka mji mwingine, maana hapa kwetu hakuna tena anayesafisha mikanda. Binti akafungua bahasha mezani petu. Nikachungulia. Rangi zilikuwa tamu, lakini uso wake ulikuwa ukungu wa dhahabu.

"Nzuri sana, babu," akasema.

Mume wangu akatabasamu, akanigeukia. "Mke wangu, kope zinahesabika?"

Binti akanitazama, akitikisa kichwa, akiniomba nisiseme. Mungu anajua nilitaka kunyamaza. Lakini mtu huyu sijawahi kumdanganya, wala sikujua nianzie wapi.

"Kope hapana," nikasema. "Zinazohesabika ni nondo za uzio, kule nyuma yake."

Akapima kichwani.

"Uzio uko mita kumi," akasema taratibu. "Ulisoma safu ya chini."

Nikajiziba mdomo kwa mkono.

"Basi kosa si lako, babu!" binti akadakia. "Tunarudia Jumamosi. Namba nitasoma mwenyewe."

"Asome huyu, apime yule. Na mimi kazi yangu nini? Kusema simama hapo?"

Mume wangu alisema kama mzaha, lakini hakuna aliyecheka. Akapapasa meza mpaka akaipata kamera, akaisukuma upande wangu.

"Itoe betri," akasema, "isije ikavujia ndani ikikaa bila kazi."

Nikafungua kifuniko kwa sarafu. Ilikuwa betri moja, ndogo kama kifungo cha shati. Nikaiweka kwenye kopo langu la vifungo.