Maji ya Kedowa Baada ya Saa Nane

Siku niliyoripoti katika ofisi ya samaki mjini Kericho, sikuwa nimeonja samaki hata mara moja maishani. Sisi Wakipsigis wa zamani tulikuwa watu wa maziwa ya ng'ombe na ugali wa wimbi. Nyanya yangu alimwita samaki nyoka wa mtoni, na ukimtaja mbele yake alitema mate chini. Mimi nilikuwa nimeomba kazi ya misitu, nikapewa ya samaki. Sasa utakataa kazi ya serikali kwa sababu ya nyanya?

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Afisa wa Samaki wa Wilaya, mtu mfupi na mpole, mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata akiwa ofisini. Aliniuliza swali moja tu.

"Kijana, ukienda kununua ng'ombe, unaangalia nini kwanza?"

"Ng'ombe mwenyewe, bwana."

"Hapana. Unaangalia nyasi za kwako nyumbani. Watu watakuja hapa wakitaka samaki waliyemuona hotelini. Wewe waulize habari ya maji yao."

Akanipa kipimajoto kilichofungwa kamba, na kwa kamba hiyo nikaanza kazi. Alinifundisha kwamba tilapia, yule ngege wa watu wa ziwani, anataka maji ya vuguvugu. Yakishuka chini ya nyuzi ishirini anakula kwa uvivu, na yakishuka chini ya kumi na tano haguzi chakula. Kambare anavumilia maji machafu, lakini baridi haipendi, tena wako Wakristo hapa kwetu ambao hawamli kwa kuwa hana magamba, kwa hivyo uliza kanisa la mtu kabla ya kumjazia bwawa. Samaki wa baridi hasa ni trauti, ila yeye anataka maji yanayotembea, yanaingia huku na kutoka kule. Ukimtia kwenye maji yaliyosimama atakufa kabla hujafika barabarani. Wazungu wa majani chai ndio waliomleta mitoni, na sisi tulimwita samaki wa mameneja.

Kutoka hapo nilipelekwa Kaplong, chini ya Msimamizi wa Tarafa, mama mmoja mkali aliyetembea haraka kuliko pikipiki yangu. Yeye alinionyesha kupima maji kwa mkono. Unaingiza mkono hadi kiwiko, na ukikiona kiganja chako waziwazi, basi maji hayana ule ukijani ambao samaki wadogo wanakula. "Maji yana njaa," alikuwa akisema, "na wewe unamlaumu samaki." Kaplong kuna joto kidogo kuliko juu huku, na ngege walikua vizuri. Wakulima walinisifu, na mimi nikajiona fundi. Kusema kweli niliringa. Baadaye nikakaa Kabianga miaka kadhaa, nikiwaonyesha wanafunzi jinsi ya kutenga madume na majike, maana ukichanganya wote, bwawa litajaa watoto waliodumaa na hutapata hata mmoja wa kuliwa. Mwisho nikaletwa Kedowa, nikiwa mzee wa ofisi tayari, na watu wakaniita Bwana Samaki.

Hapa lazima nieleze jambo la mvua. Huku kwetu mvua ina saa yake. Asubuhi jua linawaka mpaka unavua sweta, saa nane mawingu yanafunga, saa tisa inamwagika, na mara nyingi ni ya mawe. Kwa hivyo sisi maofisa tulitoka mapema, saa tano tuko shambani, na ikigonga saa saba tunageuza pikipiki kabla njia haijawa matope. Hakuna mkubwa aliyeamuru hivyo. Ilikuwa desturi tu, kama chai ya saa nne.

Hapo Kedowa alikuwapo Mama Chebet, mwanachama wa kikundi cha akina mama. Mumewe alikuwa amempa kipande cha chini cha shamba, penye unyevunyevu, kwa sharti moja. "Mwaka mmoja," alimwambia mbele yangu. "Kukiwa hakuna samaki, narudisha udongo, napanda majani chai." Mama Chebet aliolewa kwenye boma lile akiwa msichana, na aliniambia kwamba kile kipande ndicho kitu cha kwanza alichowahi kuamua mwenyewe pale. Walichimba yeye na wenzake kwa jembe na karai, siku kumi na moja. Nikaja saa tano, nikatumbukiza kipimajoto, kikasoma ishirini na mbili. Nikamwambia weka ngege.

Mwezi wa tano tangu aweke vifaranga vya samaki, alinipigia simu. Samaki wanaelea. Nilifika kesho yake, saa tano kama kawaida. Joto, ishirini na mbili. Nikaingiza mkono, nikakiona kiganja changu vizuri sana.

"Mama, hawa wamekufa njaa," nikasema.

"Hapana, Bwana Samaki. Nalisha kila siku, mara mbili, pumba na majani. Hii samaki imekufa jana baada ya ile mvua ya mawe."

"Mvua haiui samaki, mama. Samaki si anakaa kwa maji?"

Mumewe alikuwa amesimama hapo hapo na jembe begani. Alisikia yote. Na mimi, badala ya kunyamaza, wiki iliyofuata kwenye siku ya wakulima nilisimama mbele ya akina mama thelathini na kitu nikawaambia, "Ukifuga kama Mama Chebet, utavuna maji." Walicheka. Yeye aliinamisha kichwa akawa anaangalia mikono yake. Jumamosi hiyo mumewe alifukia bwawa, na nilipopata habari nilisema bahati mbaya, nikaendelea na kazi.

Ulipita mwaka. Siku moja nilikuwa kwa jirani yake Mama Chebet, mzee mmoja mwenye bwawa ambalo maji yake yanatoka chemchemi ile ile, na mnyororo wa pikipiki ukakatika. Saa nane ikanikuta pale. Nikajibanza kwenye kibanda cha ng'ombe, na mvua ya mawe ikapiga hadi nyasi zikawa nyeupe. Mawe yale yalikuwa yakiteremka na maji ya mlimani moja kwa moja hadi bwawani. Ilipopungua, kwa mazoea tu, nilitumbukiza kipimajoto. Kumi na tatu. Nikakikung'uta nikarudia. Kumi na tatu. Nilirudia mara nne.

Nilisikia aibu mpaka masikio yakawa moto katika baridi ile. Miaka yote niliyokaa Kedowa, daftari langu lote lilikuwa limejaa maji ya saa tano. Sikuwa nimewahi kuyapima maji ya huku juu saa ile ambayo samaki walikuwa wakiumia. Tena mama alikuwa ameniambia kwa mdomo wake mwenyewe.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi wa Samaki wa Kaunti, kijana msomi mwenye heshima zake, nikamweleza kwamba nataka kurudi kwenye kile kikundi nikaseme kosa langu.

"Mzee, umebakisha mwezi mmoja ustaafu," aliniambia. "Andika ripoti, sisi tutarekebisha pole pole. Kwenda kujianika mbele ya wananchi ni ya nini?"

Nitasema ukweli, maneno yale yalinifurahisha. Wiki mbili nzima nilimtii.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani na ng'ombe wangu wawili, na vijana wa ofisi huja kuniuliza waweke samaki gani. Nawaambia hivi. Kama una shamba la chini, kule kuna joto, weka ngege, madume matupu, na bwawa liwe na kina cha kifuani, maana bwawa la magotini hupoa upesi. Chimba mtaro juu yake ili maji ya mvua yapite kando. Kama uko juu huku na una chemchemi isiyokauka, jaribu trauti, wachache, na usiyaache maji yasimame. Kama huna joto wala maji ya kutembea, panda mboga, hakuna dhambi. Na maji yapime wakati yako mabaya, alfajiri na baada ya mvua. Wakiniuliza hayo yote niliyasomea wapi, nawasimulia Alhamisi moja.

Alhamisi hiyo, zikiwa zimebaki wiki mbili nistaafu, kikundi kilikutana kwa Mama Chebet, zamu yake. Nilifika saa tisa, nimelowa chapachapa, na waliniangalia kama mtu aliyepotea njia. Chini ya nyumba, palipokuwa bwawa, palikuwa na miche ya chai iliyofika gotini. Mumewe alikuwa ameketi barazani akikwepa mvua. Nikakataa kiti. Nikasema, "Siku ile niliwaambia Mama Chebet hajui kulisha. Nilisema uongo, ingawa sikujua ni uongo. Samaki wake waliuawa na baridi, na aliyemchagulia samaki wa joto ni mimi."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Mumewe akavua kofia. "Kumbe nilifukia bure," alisema, na hakuniambia mimi, alimwambia mkewe.

Halafu mama mmoja mzee, aliyekaa nyuma karibu na jiko, akainua mkono. "Hata zangu zilikufa," akasema. "Zote. Nilizika kwa shamba la mahindi." Mwingine akainua. "Mimi pia." Nikahesabu mikono minne, na nilikuwa nimepita kwenye maboma yao wiki baada ya wiki.

Mama Chebet alinisindikiza hadi kwenye geti, amejifunika gunia kichwani. "Mwaka mzima nilidhani ni mimi peke yangu," alisema.

"Pole sana, mama."

"Pole nimepokea. Lakini hawa wengine, Bwana Samaki, hukuwauliza?"

"Niliwauliza. Kila mmoja aliniambia samaki wako sawa."

"Sasa wangekuambia nini," akasema, "na walikuwa wameona vile ulinifanyia?"