Mlango wa Mabati

Kibanda kilicho mwisho wa ua wetu hapa Ruiru kiko hatua arobaini na mbili kutoka ukuta wa sebule. Nimezihesabu mwenyewe. Baada ya kuvunjika nyonga nilizihesabu tena zikawa sitini na nane, kwa kuwa mtu anayetembea kwa fremu ya chuma hapigi hatua kamili. Nazitaja tarakimu hizi mapema ili ijulikane kwamba yaliyonipata humo hayakunipata kwa kukosa kupima.

Kibanda hicho ndicho kilichokuwa makao yetu ya kwanza. Kama majirani wengi, tulinunua kiwanja, tukasimamisha chumba cha mabati, tukaishi humo huku tukijenga nyumba ya mawe kidogo kidogo kwa miaka saba. Tulipohamia nyumba ya mawe, chumba kikawa stoo, kisha banda la kuku. Nilipostaafu ualimu nilikisugua, nikapigilia mbao upande wa ndani, nikaingiza meza na rafu za vitabu, nikakiita ofisi. Mke wangu hajawahi kukiita hivyo. Mgeni akiniulizia, humjibu, “Mwalimu yuko kwa kuku.”

Sikuwa nimehitaji intaneti huko. Rauta ilikuwa ukutani sebuleni, na mambo yangu ya kusoma na kuandika hayakuihitaji. Nilianza kuihitaji kwa sababu ya dada yangu.

Dada yangu, kitinda mimba wetu, anaishi Gatuanyaga, upande wa mashariki wa Thika, katika kipande cha ardhi alichopewa na baba yetu alipofiwa na mumewe. Siku ya kukata kipande hicho, baba alimwita jirani wa upande wa chini na mzee mmoja wa ukoo. Walitembea pamoja kwenye mstari, wakakubaliana, kisha wakapanda itoka, lile ua la mipakani ambalo kiazi chake hubaki ardhini hata jua likiunguza majani yote. Kwetu, itoka lililopandwa mbele ya pande mbili halikung'olewa na mtu mwenye akili timamu. Mimi nilikuwa na jembe mkononi. Nilichimba mashimo tisa. Dada mwenyewe hakuwepo. Alikuwa bado kwa wakwe zake akifungasha vyombo.

Jirani yule alifariki. Wanawe walileta trekta, wakalima matoka yote tisa, wakasimamisha uzio hatua arobaini ndani ya shamba la dada yangu, na kusema mpaka ulikuwa hapo tangu zamani. Ndani ya hatua hizo arobaini mna kisima chake, na Gatuanyaga si mahali pa kuishi bila kisima. Alikwenda mahakamani. Kati ya wanaume wanne waliosimama kwenye mstari ule, nimebaki mimi peke yangu.

Kesi ilikuwa imeahirishwa mara tatu nilipoteleza bafuni. Daktari alinikataza kupanda gari lolote kwa majuma manane. Wakili wa dada yangu akaomba nitoe ushahidi kwa njia ya video kutoka nyumbani, na hakimu akakubali kwa sharti moja: shahidi awe peke yake chumbani, asiwepo wa kumnong'onezea. Akaonya pia kwamba hataahirisha tena.

Nyumba yetu wakati huo haikuwa na chumba cha mtu mmoja. Binti yetu alikuwa amekuja kujifungulia kwetu, akajifungua pacha, na akina mama wa kanisa walikuwa wakiingia na kutoka na vyungu vya uji.

“Ingia chumba chetu cha kulala ufunge mlango,” mke wangu alishauri. “Nani atakufuata huko?”

“Niape mbele ya mahakama nimekaa kitandani?”

“Kwani wataona kitanda? Si wataona kichwa tu?”

Niliamua kwamba nitaapa nikiwa mezani pangu, nimevaa koti na tai, na kwamba intaneti itanifuata huko.

Fundi aliyekuja alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, na ngazi yake begani. Alinitazama akacheka kabla hata hajanisalimia.

“Mwalimu! Hunikumbuki? Fizikia, kidato cha tatu. Ulinipiga fimbo mbili juu ya mawimbi.”

“Ulistahili?”

“Nilistahili moja.”

Alizunguka kibanda, akagonga ukuta kwa vidole, akasikiliza mlio wake. Kisha akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Mwalimu, hii ofisi yako ni sufuria na kifuniko chake. Mabati juu, mabati kando, mlango mabati. Waifai haiingii hapa. Tuchimbe mtaro kutoka kwa nyumba, tulaze kebo ndani ya paipu, nikuwekee rauta ya pili hapa kwa meza. Siku mbili nimemaliza.”

“Umepima?”

“Kupima nini tena? Kila mtu anajua mabati inakula network. Uliza watu wa mtaa wa Kahawa Sukari, wale wote wamejengea wanafunzi vyumba vya mabati nyuma ya nyumba.”

“Kila mtu si kipimo. Watu wa Kahawa Sukari nao si kipimo. Nakuuliza wewe, hapa, leo, umepima?”

“Haki, Mwalimu, si ni wewe ulitufundisha chuma inarudisha mawimbi?”

Nilimwambia kwamba niliwafundisha pia kutosema jambo kabla ya kulijaribu. Hapo nilikosea, ingawa sentensi yenyewe bado naiona ni ya kweli. Ukweli mwingine ni kwamba mtaro ungepita katikati ya njia yangu ya kwenda ofisini, na mimi na fremu yangu tusingeuvuka. Hilo sikumwambia.

Alibeba ngazi yake. “Ukinihitaji, nipigie,” alisema. “Na utanihitaji.”

Nilinunua kisanduku kidogo cha kupokea mawimbi na kuyatupa mbele zaidi, kikachomekwa kwenye soketi ya jikoni karibu na dirisha linaloelekea kibanda. Kisha nilifanya nilichofanya maisha yangu yote. Nilichukua daftari, nikachora jedwali, na kwa siku nne nikapima: asubuhi, adhuhuri, alasiri. Mara tatu nilizungumza kwa video na dada yangu mwenyewe.

“Unanionaje?” nilimuuliza.

“Nakuona mpaka nywele za pua, mwana wa maitu.” Ndivyo anavyoniita tangu utotoni: mwana wa mama.

Vipimo kumi na viwili, vyote vizuri. Nililifunga daftari nikiwa nimeridhika, na nikiri kwamba nilitamani yule fundi alione.

Safu moja tu haikuwemo katika jedwali langu. Wakati wa vipimo vyote kumi na viwili mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Mabati yakipigwa na jua chumba huwa tanuri, na kuufunga mlango huo kwahitaji kuinuka, kugeuza fremu katika nafasi finyu na kuvuta kitasa kinachokwama. Sikuwa na sababu ya kuufunga, kwa hiyo haukunijia akilini kama jambo la kupimwa.

Siku ya kesi niliingia nusu saa mapema. Saa tatu na robo karani aliniita, nikaona chumba cha mahakama kwenye kioo cha kipakatalishi: hakimu, mawakili wawili, na nyuma yao dada yangu amevaa kitambaa cheupe kichwani, mkoba mapajani. Picha ilikuwa safi. Niliapa. Wakili wetu aliniuliza mimi ni nani na dada yangu ni nani kwangu, nikajibu.

Ndipo wakili wa upande wa pili aliposimama. “Mheshimiwa, nyuma ya shahidi naona mlango wazi na kivuli kinapita.”

Alikuwa mmoja wa akina mama wa kanisa akianika nepi.

“Mwalimu,” hakimu alisema kwa upole, “tafadhali funga mlango, kisha uendelee.”

“Naam, Mheshimiwa.”

Niliinuka, nikageuza fremu, nikavuta kitasa, nikarudi kukaa. Wakili wetu aliniuliza nilikuwa wapi siku mpaka ulipowekwa. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu trekta ilipopita. Nilieleza yote kwa utaratibu: nani alisimama wapi, mstari ulianzia kwenye jiwe gani, jirani alisema nini kwa kinywa chake, mashimo tisa, na kwamba katika shimo la saba jembe liligonga mwamba, ikabidi tusogee hatua moja kuelekea upande wetu, si upande wake. Nilizungumza pengine dakika tano. Nilipomaliza niliona kwamba hakimu hakuwa amepepesa macho. Kalamu yake ilikuwa imesimama hewani, haijagusa karatasi.

Kisha sauti ikaja, vipande vipande.

“...ameganda, Mheshimiwa.”

“Mwalimu, unatusikia?”

“Nawasikia!” nilisema. “Nawasikia vizuri!”

“...hatusikii kitu. Mpigieni simu.”

Simu yangu ilikuwa sebuleni. Niliiacha huko makusudi, ili asiwepo wa kusema kwamba nilikuwa nikisomewa majibu.

Msomaji atauliza kwa nini sikuufungua mlango papo hapo. Nilikuwa nimeapa, na hakimu alikuwa ameniamuru niufunge. Isitoshe, sikujua kwamba kosa lilikuwa la mlango. Nilikuwa na daftari lililosema kila kitu kiko sawa. Nilibonyeza kitufe kimoja, nikabonyeza kingine. Jasho lilinitiririka ndani ya koti. Kwenye kioo, watu wale walisimama kama picha iliyopigwa, lakini sauti zao ziliendelea kuishi bila miili yao.

Nilisikia wakili wetu akiomba dada yangu aitwe tena, aeleze anachokijua kuhusu mpaka. Nilisikia sauti yake, nyembamba.

“Kaka yangu aliniambia walipanda matoka tisa. Aliniambia yeye ndiye...”

“Pingamizi, Mheshimiwa. Anasema alichoambiwa, si alichokiona.”

“Pingamizi limekubaliwa. Mama, sema uliyoyaona mwenyewe tu.”

“Lakini kaka yangu hasemi uongo!”

“Sijasema anasema uongo, mama. Nimesema simsikii.”

Katika madarasa yangu yote, na katika nyumba yangu, hakuna jambo nililolikataza kama mtu kuniletea maneno ya fulani kasema. Hakimu yule alitenda nilivyotenda siku zote, na alikuwa sahihi. Nilikaa ndani ya sanduku la chuma nikimsikiliza akiwa sahihi, na dada yangu akinyamaza.

Mwishowe niliinuka. Sitadai kwamba nilikuwa nimegundua lolote. Nilitaka tu kumwita mtu aniletee simu. Kutoka mezani hadi mlangoni ni hatua sita za fremu. Kitasa kilikwama, kama kawaida yake. Nilipousukuma mlango kwa bega na mwanga kuingia, nyuma yangu kioo kilizinduka, na sauti ya hakimu ikaja nzima, safi, kana kwamba yumo humo ndani nami.

“...na kwa kuwa niliahidi kutoahirisha tena, upande wa mdai umefungwa, hautaita shahidi tena.”

“Mheshimiwa!” niliita nikiwa bado mlangoni. “Niko hapa! Mnanisikia?”

Hakimu aliinua macho. Nadhani alisikitika, niliiona picha yake vizuri mno.

“Sasa nakusikia vizuri sana, Mwalimu. Lakini nimeshatoa amri. Pole.”

Nyuma yake dada yangu alikuwa akifunga mkoba wake.

Alinipigia jioni ile, amekwisha kufika Gatuanyaga. Nilitarajia alie, au anilaumu, na ningezipokea lawama hizo. Badala yake aliniuliza kama nyonga yangu inauma. Kisha akasema, “Hebu niambie ulivyotaka kuwaambia.”

“Itasaidia nini sasa?”

“Niambie tu, mwana wa maitu. Sikuwepo.”

Nikamwambia yote, hadi mwamba wa shimo la saba, hadi ile hatua moja tuliyosogea upande wetu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema, “Basi uzio wao ulipaswa kuwa mbali hata zaidi.” Hakuwahi kulijua hilo. Na kwa sheria, bado halijui.

Kesho yake nilimpigia fundi. Alikuja na watu wawili, wakachimba mtaro kutoka ukuta wa sebule, wakalaza paipu, wakapitisha kebo, wakafukia na kushindilia udongo ili fremu yangu ipite. Alipomaliza kufunga rauta ya pili juu ya meza, nilimweleza yaliyotokea. Nilidhani atacheka, na alikuwa na haki ya kucheka. Alitazama chini.

“Mwalimu,” alisema, “ningekwambia ufunge mlango ndipo upime. Lakini vile ulikuwa mkali, nilienda tu.”

Alinitaka nikae, akatoka nje, akauvuta mlango hadi kitasa kikaingia. “Sasa pima!” alipaza sauti kutoka nje.

Nilipima. Kasi ilikuwa kubwa kuliko ya sebuleni. Nilifungua daftari, chini ya mstari wa kumi na mbili nikaandika wa kumi na tatu, na pembeni nikaandika: mlango umefungwa.

Wakili ametutumia kiunganishi cha siku ya hukumu. Itasomwa kwa njia ya video, na washiriki wote, isipokuwa hakimu, watazimwa vipaza sauti. Dada yangu atapanda bodaboda hadi kwa wakili wake, asikilizie huko. Mimi nitakuwa ofisini, nimevaa koti na tai, mlango umefungwa. Safari hii nitasikia kila neno, na hakuna atakayeniuliza swali lolote.