Upande wa Nif

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kupika gundi nzito mno. Niliipaka kwenye kitambaa cha kuonyeshea sinema, ikakauka vizuri, nikafurahi. Lakini tulipokikunja ili kukipeleka kwa jirani, rangi yote ikapasukapasuka, na uso wa kila mtu aliyeonekana juu yake ukawa na nyufa kama uwanja wa kiangazi. Nilikuwa mwaka wa tano wa shule ya msingi. Nililia kwa ajili ya gundi.

Nimeyakumbuka hayo juzi, hapa Kasongo, nikimtengenezea rafiki yangu ekrani ya sebuleni, kile kitambaa cheupe kinachopokea picha za projekta. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, sufuria ya wanga wa muhogo ikichemka pembeni, na harufu yake ya uchachu ikanifikia. Nikaweka brashi chini. Rafiki yangu akadhani nimekosea vipimo. Afadhali ingekuwa hivyo. Vipimo huwa ninavirudiarudia mpaka watu wanachoka nami.

Kwetu ni Kabambare. Kiwanja chetu kilipakana na cha mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipeleka sabuni, betri na sigara kwa wachimba dhahabu wa Lusangi. Safari moja alirudi na projekta ndogo, ameifunga kwa blanketi nyuma ya pikipiki kama mgonjwa. Akatundika shuka la kitandani juu ya ua mfupi wa miti uliotenganisha viwanja vyetu, akawasha jenereta, na uwanja wake ukawa nyumba ya sinema. Wenye kulipa waliketi kwake. Sisi tuliketi kwetu.

Shuka lilikuwa jepesi, unajua, na picha ilipenya hadi upande wetu, pale mama alipoanika muhogo. Watoto wa mtaa mzima tulijazana hapo, kati ya harufu ya muhogo na moshi wa petroli. Mama alikaa nyuma yetu akimenya karanga, na aliyesimama akawazibia wenzake alirushiwa maganda kichwani. Upande wetu kila kitu kilikuwa kimegeuka. Watu walikula kwa mkono wa kushoto. Maandishi yalikwenda kinyumenyume. Filamu ilipokwisha, wenzetu wa mbele walisoma lile neno la Kifaransa, FIN, yaani mwisho. Sisi tulisoma NIF.

Likawa neno letu. Bukari, yaani ugali, ikiisha kwenye sahani, nif. Mwalimu akifuta ubao kabla hujamaliza kunakili, nif. Mtu akiitwa kwao kwenda kuteka maji katikati ya mchezo, aliinua mikono na kusema, "Jamani, kwangu nif!"

Jioni moja jirani akaniita kutoka juu ya ua. Alikuwa amesikia kwamba ninafungua redio za watu na kuzirudisha zikiwa zinaongea.

"Fundi!"

Hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kuniita hivyo.

"Hii shuka iko inakunywa mwanga. Picha iko zaifu. Unaweza kunitengenezea ekrani ya kweli, yenye haipitishi kitu?"

"Ninaweza, baba."

"Siku ya kuifungua utakaa pembeni ya mashine. Mimi na wewe."

Sikuwa na wa kumwuliza kazi hiyo inafanywaje. Nilijifundisha kwa kuharibu. Baada ya ile gundi nzito nikapika nyepesi, kwa muhogo ambao mama alikuwa ameuweka kwa ajili ya bukari yetu. Nikachanganya na udongo mweupe, ule ambao wanawake hupakia kuta, nikauchuja kwa kipande cha kitenge chakavu mpaka ukawa laini kama maziwa. Kitambaa cha marekani alinunua jirani. Nikakivuta kwenye fremu ya mianzi kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Kwa upande wa nyuma nikavumbua masizi. Rafiki yangu mkubwa wa siku zile, mtoto wa nyumba iliyofuata, alizunguka majiko yote ya mtaa akikwangua sufuria za mama zetu. Alirudi mweusi hadi kwenye nyusi, anacheka. Tulipaka masizi, tukainua ekrani kuelekea jua, tukatafuta palipopenya mwanga, tukapaka tena.

Jirani alikuja kila siku kuangalia. Nilimvuta aone mbele, ule weupe niliouhangaikia. Yeye alizunguka nyuma, akasogeza jicho karibu na masizi na kuuliza, "Hapa hapapitishi?" Nilidhani amenielewa. Nilidhani nimepata mtu anayechukia kasoro kama mimi.

Siku ya kufungua nilioga mapema, nikavaa shati la Idi. Mlangoni kwake watu walikuwa wanasukumana. Nikapita chini ya mikono yao.

"Baba, nimefika."

Hakunitazama sana. "Leo wageni wametoka mpaka Wamaza. Nafasi haiko. Rudi kwenu kule nyuma, mutoto, si ndiko unaangaliaka?"

Nikarudi kwa kufuata ua. Nilikuwa najiambia kwamba ni kweli, wageni ni wengi, kesho ataniita. Ndipo nikamsikia akiwaambia watu wa kwenye mabenchi, kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Ile bandi ya watoto wa kuangalia bure imekwisha! Na mwenye amenifungia mulango ni mutoto wao wenyewe!"

Mabenchi yote yakacheka.

Upande wetu wenzangu walikuwa wameshakaa. Mbele yao palikuwa na kitu cheusi, kikubwa, kilichonyooka vizuri. Kule ng'ambo filamu ilikuwa imeanza; tulisikia farasi, risasi, mwanamke akiita.

"Leo picha iko wapi?" mama aliuliza.

Rafiki yangu akainuka, akapitisha kiganja nyuma ya ekrani, akakitazama. Kisha akaja, akakipangusa kwenye shati langu la Idi, taratibu, kifuani.

"Nif," akasema.

Hakuna aliyecheka. Nilitaka kuwaambia kwamba sikujua, lakini macho yangu yalikuwa yamenaswa na nukta moja pembeni kabisa, ndogo kama mbegu ya ufuta, mahali brashi yangu haikufika. Ilikuwa inang'aa. Ikawa nyekundu, ikawa buluu, ikafifia, ikarudi. Nitakuungamia jambo: nilichokisikia kwanza kilikuwa aibu, kwamba nimeacha tundu. Wenzangu wakasogea, wakakaa wakiitazama nukta ile hadi mwisho.

Kesho yake jirani akamtuma mwanawe aje aniite nikalizibe lile tundu. Mama alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, hakuacha mchi.

"Mwambie baba yako fundi haiko hapa. Hapa kuna mutoto."

Jirani alihama na mashine yake kufuata machimbo mengine. Ua uling'olewa, na pale penye mabenchi pameota mahindi ya watu nisiowajua. Rafiki yangu yule wa utotoni nilikutana naye mwaka jana, ameketi juu ya pikipiki yake, anaangalia filamu kwenye simu, visikilizio masikioni. Tulisalimiana vizuri. Hatukutaja masizi. Mama bado anaanika muhogo palepale, na jioni hakuna anayekuja kukaa. Watoto wa dada yangu niliwahi kuwaambia neno nif. Wakaniuliza ni jina la nani.

Ekrani ya huyu rafiki wa Kasongo nimeimaliza. Itatundikwa kati ya sebule na baraza. Imenyooka, na nimetafuta kasoro sijaiona, ingawa bado natafuta. Nyuma sijapaka kitu. Siku hizi, kabla sijachemsha gundi kwa ajili ya mtu yeyote, ninamwuliza kwanza nyuma watakaa nani.